TUZO, MCHANGO AU BEI? FANANI WA MTANDAONI NA WANAOMLIPA KATIKA MITAA YA EASTLANDS, NAIROBI

1.0 Utangulizi

Mcheza kwao hutuzwa. Methali hii tumeizoea mno madarasani hata ni nadra tujiulize maswali yaliyomo ndani yake. Anayetuza ni nani? Anatuza nini hasa? Na akishatuza, anabaki na haki gani juu ya yule aliyecheza? Katika uwanja wa ngoma maswali haya yalikuwa na majibu ambayo kila aliyehudhuria aliyajua bila kuambiwa. Leo, kijana wa Umoja, Kayole au Dandora anayetoa vichekesho, nyimbo au masimulizi kwa simu anacheza mbele ya watu asiowaona. "Kwao" pamepanuka hadi Ghuba, Ulaya na Marekani waliko Wakenya wengi, na tuzo humfikia kwa ujumbe mfupi. Majibu ya zamani hayamtoshi tena, na gharama ya kuyakosa ni kubwa: kuna wanaoitwa matapeli kwa fedha walizodhani wamepewa bure, na kuna wanaoandamwa usiku na mchana na mtu aliyewatumia shilingi 500.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi fanani wa mtandaoni katika mitaa ya Eastlands wanavyoweza kuusimamia uhusiano wao na watu wanaowalipa. Hoja yetu kuu ni kwamba fedha zinazomfikia fanani ni za aina tatu, yaani tuzo, mchango na bei, na kwamba kila aina huja na wajibu wake. Migogoro mingi huzuka pale ambapo mmoja ametoa fedha za aina moja na mwenziwe amezipokea kana kwamba ni za aina nyingine. Tutaonyesha kwamba sanaa za maonyesho za Afrika Mashariki na Kati zilikuwa na njia za kuzitenga aina hizi, kwamba simu imezichanganya, na kwamba kazi kubwa ya fanani wa leo ni kuzitenga upya. Pale tunapomtaja fanani wa mtaani bila jina, huo ni mfano wa kubuni wa kufafanulia hoja, wala si habari za mtu mahususi.

2.0 Fanani, hadhira na mlipaji

Katika mjadala wake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, Mulokozi (1989) anaiona fasihi simulizi kuwa tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Mtazamo huu umetufaa sana kwa kuwa ulitutoa katika mazoea ya kuisoma fasihi simulizi kana kwamba ni maandishi yaliyokosa karatasi. Hata hivyo, tunapoizungumzia hadhira, aghalabu tunamaanisha watu wanaosikiliza, wanaoitikia, wanaocheka na wanaopiga makofi. Yule anayetia mkono mfukoni tunampita haraka. Ilhali huyu naye ni sehemu ya hadhira, na kitendo chake kinaweza kuisimamisha fani, kuirefusha au kuigeuza.

Si kwamba fasihi yetu haimjui mlipaji. Utendi wa Tambuka, unaotajwa kuwa wa mwaka 1728, Bwana Mwengo aliutunga kwa kuagizwa na mfalme wa Pate. Hapo mlipaji ni mmoja, anajulikana kwa cheo chake, na anachokitaka kinajulikana tangu mwanzo. Uhusiano wa namna hii ni wa mfadhili na mtunzi wake. Uhusiano tunaouchunguza hapa ni wa namna nyingine: walipaji ni wengi, kila mmoja hutoa kidogo, na kila mmoja ana sababu yake.

Wanataaluma wawili wa nje watatusaidia kuuelewa. Marcel Mauss, katika insha yake maarufu kuhusu zawadi iliyotoka mwaka 1925, alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi huambatana na masharti matatu: sharti la kutoa, la kupokea na la kurudisha. Zawadi isiyodai chochote ni nadra kuliko tunavyopenda kuamini. Nao Donald Horton na Richard Wohl, mwaka 1956, waliieleza hali ambapo mtazamaji wa televisheni hujihisi kuwa rafiki wa mtangazaji ambaye hamjui kabisa. Ni urafiki wa upande mmoja. Katika simu mambo haya mawili yamekutana. Mtazamaji aliye na urafiki wa upande mmoja sasa anaweza kutoa zawadi, na kwa hiyo anaweza kudai irudishwe kwa namna anayoitaka yeye.

3.0 Aina tatu za fedha

Tuzo ni fedha inayotolewa kwa kufurahishwa na jambo lililokwisha kutendwa au linalotendwa wakati huo. Wajibu wake ni mmoja: kutambuliwa. Anayetuza hataki risiti. Anataka aonekane ametuza, au atajwe, au apokelewe kwa tabasamu. Wimbo ukiisha na deni limeisha.

Mchango ni fedha inayotolewa kwa ajili ya haja iliyotangazwa. Wakazi wa Eastlands wanaujua vyema. Ni fedha ya harambee, ya chama, ya mazishi, ya karo ya mtoto wa jirani. Ina kadi, ina kamati, ina mweka hazina, na jina la kila mtoaji huandikwa pamoja na kiasi alichotoa. Wajibu wake ni hesabu. Aliyechangia ana haki ya kuuliza kama jeneza lilinunuliwa, na anayeuliza hahesabiwi kuwa mtovu wa adabu.

Bei ni fedha inayotolewa ili kupata kitu kilichokubaliwa: tikiti ya onyesho, fulana yenye jina la kundi, wimbo wa kumwitikia anayekupigia simu, au video ya kumpongeza bibi harusi. Wajibu wake ni kutoa kilicholipiwa, kwa wakati uliosemwa. Asiyekitoa hurudisha fedha.

Tofauti hizi zinaonekana rahisi zikiandikwa hivi. Ugumu wake ni kwamba noti ya shilingi 100 ni ileile katika hali zote tatu. Kinachoitofautisha ni mazingira ya utoaji. Ndiyo maana tunapaswa kuanza na mazingira yalivyokuwa kabla ya simu.

4.0 Sanaa zilizotangulia zilivyozitenga

Katika taarabu ya pwani, kutuza ni sehemu ya onyesho. Mtu huinuka mahali alipokaa, akatembea kwa mwendo wa kucheza hadi mbele, akaiinua noti ionekane na kumpa mwimbaji. Askew (2002) ameeleza kwa kina jinsi kitendo hiki kilivyo usemi kamili. Anayetuza huchagua ubeti, na kwa kuuchagua huweza kumpasha hasimu wake aliyeketi safu ya pili bila kufumbua kinywa. Tunachopaswa kukitilia maanani ni kwamba yote haya hutendeka hadharani na kwa muda mfupi. Mashahidi ni ukumbi mzima. Mwimbaji hupokea, huitikia kwa ishara, na huendelea kuimba. Hakuna anayedhani kwamba aliyetuza amepata ruhusa ya kwenda kubisha mlangoni kwa mwimbaji kesho yake.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Eastlands, kwa kuwa Waluo ni miongoni mwa wakazi wa siku nyingi wa mitaa kama Kaloleni, Makongeni na Jericho. Hii ni desturi ya pakruok, yaani kujisifu au kumsifu mwenzio katikati ya onyesho la nyatiti, na baadaye katika benga na ohangla. Anayetaka kusema humsimamisha mpigaji, hutoa fedha, hujitapa kwa majina yake ya kupanga na ya marafiki zake, kisha muziki huendelea. Hapa fedha hununua nafasi ya kusema. Ni tuzo iliyoegemea bei, lakini mipaka yake ni wazi: unalipa, unasema, unakaa. Mwingine akitaka kukujibu, naye atalipa. Mpigaji hamilikiwi na yeyote kati yenu.

Mfano wa tatu unatoka Kongo. Wanamuziki wa Kinshasa wana desturi iitwayo kwa Kilingala libanga, yaani jiwe. Kulitaja jina la mtu katika wimbo ni "kumrushia jiwe". Wengi wa wanaotajwa hulipa. Desturi hii ina tofauti moja kubwa na mbili zilizotangulia: jina linarekodiwa, na hivyo utambuzi hauishi usiku ule. Wasikilizaji wa rumba huko Nairobi wamezisikia nyimbo ambazo orodha ya majina inakaribia kuwa ndefu kuliko mashairi yenyewe. Libanga inatufunza mapema kile kitakachotokea mtandaoni: utambuzi unapodumu, thamani yake hupanda, na anayelipa huanza kudai nafasi katika kazi yenyewe.

Kutokana na mifano hii tunaweza kutaja mambo matatu yaliyokuwa yakiilinda tuzo isigeuke kuwa kitu kingine. La kwanza ni hadhara, maana ilitolewa mbele ya watu. La pili ni wakati, maana ilikoma na onyesho. La tatu ni umbali, maana jukwaa lilimtenga fanani na mlipaji hata walipogusana mikono.

5.0 Eastlands na njia za malipo

Mitaa ya Eastlands ilianza kujengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Pumwani ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1920 na Kaloleni ni ya miaka ya 1940. Buruburu, Umoja na Dandora zilifuata baada ya uhuru, katika miaka ya 1970. Mitaa hii imekuwa chemchemi ya sanaa ya vijana. Kalamashaka walitokea Dandora katika miaka ya 1990, na Calif Records ya Clemo na Jua Cali ilichukua jina lake kutoka mtaa wa California. Wakati huo msanii aliuza kanda, baadaye diski. Aliyenunua alimlipa mchuuzi, na mara nyingi mchuuzi mwenyewe aliuza nakala za wizi. Msanii hakumjua mlipaji wala mlipaji hakumfikia msanii. Fedha ilikuwa bei, ijapokuwa haikumfikia mwenye kazi.

Mtandao ulibadilisha umbali huu hatua kwa hatua. Ethic, kundi la vijana wa Umoja, lilipotoa wimbo wa Lamba Lolo mwaka 2018, kazi yao iliwafikia watu nchi nzima kupitia YouTube. Lakini katika YouTube ya kawaida mtazamaji halipi chochote. Anayelipa ni mwenye tangazo la biashara, na mwaka 2018 liliwekwa sharti kwamba fanani asigawiwe mapato ya matangazo kabla ya kupata wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Skiza ya Safaricom nayo humtoza mteja kiasi kidogo ili anayempigia asikie wimbo. Hiyo ni bei halisi: mlipaji amepata wimbo, msanii amepata mgao wake, na hawajuani.

TikTok imeirudisha tuzo. Anayetazama matangazo ya moja kwa moja, au "laivu" kama wenyewe wanavyoyaita, hununua sarafu za programu hiyo na kuzigeuza zawadi zinazoonekana kwenye kioo. Waridi ni sarafu 1. Simba ni sarafu 29,999. Jina la mtoaji hujitokeza hapo hapo, na orodha ya waliotoa zaidi huonyeshwa. Kuna pia mapambano ambapo fanani wawili hushindana kwa dakika chache, mashabiki wa kila upande wakimimina zawadi ili wao washinde. Msomaji anayeijua historia ya beni na lelemama atatambua mara moja kwamba huu ni ushindani wa ngoma uliovishwa nguo mpya. Ukubwa wa uwanja huu si wa kubahatisha: katika ripoti ya mwaka 2023 ya taasisi ya Reuters Institute kuhusu habari za kidijitali, asilimia 54 ya waliohojiwa nchini Kenya walisema hutumia TikTok, kiwango kilichoongoza miongoni mwa nchi zilizochunguzwa. Hata hivyo, tuzo hii haimfikii fanani yote. Mwaka 2022 uchunguzi wa BBC kuhusu familia zilizokuwa zikiomba msaada kutoka kambi za Syria ulionyesha kwamba kampuni ilibaki na hadi asilimia 70 ya thamani ya zawadi.

Hapa ndipo M-PESA, iliyoanzishwa Machi 2007, inapoingia. Kwa kuwa makato ya programu ni makubwa, fanani wengi huibandika nambari ya simu kwenye kioo na kusema: ukipendezwa, nitumie moja kwa moja. Kwa hesabu ya fedha, huu ni uamuzi wa busara. Kwa hesabu ya uhusiano, umeziondoa ngao zote tatu kwa pamoja. Fedha sasa inatumwa faraghani. Inaweza kutumwa saa nane za usiku wakati hakuna onyesho. Na anayetuma tayari ana nambari ya fanani, na huonyeshwa jina lake lililosajiliwa, hata kama mtaani anajulikana kwa jina la sanaa tu. Zaidi ya yote, ujumbe unaoingia hausemi fedha ni ya nini. Shilingi 200 za kicheko, shilingi 200 za kuchangia kamera na shilingi 200 za video ya siku ya kuzaliwa huingia kwa maneno yaleyale.

6.0 Kuzitenga upya

Tuchukue mfano wa mchekeshaji wa Umoja anayefanya laivu kila Jumatano na Ijumaa saa tatu usiku. Anapata tuzo za TikTok, anatumiwa fedha kwa simu, anaomba mchango wa kununua kipaza sauti, na huuza video za pongezi. Ili asizame katika madai, yapo mambo matano anayoweza kuyafanya, na kila moja linarejesha ngao iliyopotea.

Kwanza, kuipa kila fedha mlango wake. Nambari yake ya kibinafsi asiitangaze kamwe. Tuzo zipitie laini tofauti, au Pochi la Biashara, au nambari ya till. Mwenye nambari ya paybill ana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa mtumaji hulazimika kujaza sehemu ya akaunti. Fanani akielekeza kwamba anayetuza aandike TUZO, anayechangia aandike MCHANGO na anayenunua aandike VIDEO, ujumbe unaoingia utakuwa umejieleza wenyewe. Neno moja katika nafasi hiyo linafanya kazi iliyofanywa zamani na mwendo wa mtu kutoka kitini hadi jukwaani.

Pili, kutambua hadharani na kwa kipimo kinachojulikana. Jina la aliyetuza litajwe katika laivu, mbele ya wote, wala si katika ujumbe wa faragha. Swali gumu ni kama aliyetoa shilingi 20 atajwe sawa na aliyetoa shilingi 2,000. Taarabu na pakruok hazikubaliani hapa: katika pakruok fedha zaidi yaweza kuleta maneno zaidi. Mchekeshaji wetu anaweza kuamua kwamba jina hutajwa kwa kila mtu, na kwamba aliyetoa zaidi huchagua mada ya kichekesho kimoja. Lolote analoamua, alitangaze kabla. Mtoaji mdogo anayesikia wengine wakitajwa na yeye akirukwa hutoka akiwa na kinyongo, na ndiye aliye mwingi. Kevin Kelly alidai mwaka 2008 kwamba msanii anaweza kuishi kwa mashabiki 1,000 wa kweli, kila mmoja akitumia dola 100 kwa mwaka. Dola 100 si kiasi cha shabiki wa Kayole. Lakini mashabiki hao 1,000 wakitoa shilingi 50 kila mwezi, jumla ni shilingi 50,000 kabla ya makato, na fedha hiyo imetoka kwa watu ambao kila mmoja wao ni rahisi kupuuzwa.

Tatu, kuuweka mpaka wa wakati. Onyesho lina saa ya kuanza na saa ya kufunga, na nje ya saa hizo fanani hajibu kama fanani. Shukrani za waliotuma kati ya laivu mbili zisubiri laivu ijayo. Hii si dharau. Ni njia ya kuwaambia watoaji kwamba tuzo imefungwa na tukio, kama Mulokozi alivyotukumbusha kuhusu wakati na mahali.

Nne, kuwa na mtu wa kati. Katika laivu nyingi kuna rafiki anayesimamia gumzo, anayefuta matusi na kumzuia anayesumbua. Huyu anaweza pia kuwa ndiye anayeshika laini ya fedha na kusoma majina. Umuhimu wake ni mkubwa kuliko usaidizi wa kazi. Anamrejeshea fanani umbali. Mtoaji anayetaka kudai jambo la ziada anakutana kwanza na mtu asiyempenda wala kumchukia, na neno la "hapana" likitoka kwa mtu wa kati haliuvunji urafiki wa upande mmoja aliouzungumzia Horton na mwenzake. Washenga wamefanya kazi hii katika jamii zetu tangu zamani.

Tano, kuhesabia mchango na kuutimiza mnunuo. Kipaza sauti kikinunuliwa, risiti ionyeshwe katika laivu. Kisiponunuliwa, sababu isemwe. Video iliyolipiwa itoke siku iliyosemwa, na isipowezekana fedha irudishwe bila mabishano. Fanani wengine huona haya kuonyesha hesabu, wakidhani ni kujishusha. Lakini hadhira yao ni ileile inayokaa katika vikao vya chama kila mwezi, na katika vikao hivyo mweka hazina anayesoma daftari lake bila kuulizwa huheshimiwa.

7.0 Aina zinapochanganywa

Umuhimu wa kuzitenga unaonekana vizuri zaidi pale ziliposhindikana kutengwa. Mwaka 2021 mwigizaji aliyefahamika kwa tamthilia ya televisheni ya Tahidi High alijitokeza hadharani kusema kwamba maisha yamemshinda. Wakenya walimchangia kwa moyo mkunjufu. Miezi michache baadaye alipoeleza kwamba bado yumo katika shida, wengi wa waliomsikitikia walimgeukia kwa maneno makali. Hatuna haja ya kuyapima maisha ya mtu. Kinachotuhusu ni sarufi ya fedha ile. Kwa mpokeaji, huenda ilikuwa kama tuzo ya miaka aliyowachekesha watu, nayo tuzo haiulizwi. Kwa watoaji ilikuwa mchango, nao mchango huulizwa. Hakukuwa na kamati iliyokubalika na wote, wala daftari, wala mtu wa kati, na hukumu ikaachiwa umma ambao kila mmoja wake alijiona kuwa mweka hazina.

Mchanganyiko wa pili ni wa hatari zaidi: tuzo inayogeuzwa kuwa bei ya mtu mwenyewe. Fanani wa kike huathirika zaidi. Anayetuma shilingi 1,000 kila wiki anaweza kuamini kwamba analipia ukaribu, na asipoupata akaona ameibiwa. Kwa kuwa hakuna aliyesema fedha ni ya nini, naye ana hoja anayoiamini. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inaharamisha unyanyasaji wa mtandaoni, lakini sheria hufika baada ya madhara. Kauli iliyotamkwa katika kila laivu, kwamba tuzo hainunui nambari, miadi wala picha, hufika kabla. Kwa watoto hakuna kauli itakayotosha. TikTok ilipandisha umri wa kuendesha laivu hadi miaka 18 mnamo Novemba 2022. Hata hivyo, mwezi wa Machi 2025 BBC iliwanukuu wanawake nchini Kenya waliosema waliingia wakiwa bado wasichana wadogo katika laivu ambazo zawadi zilikuwa malipo ya mambo ya ngono. Kampuni ilijibu kwamba haivumilii unyonyaji wa aina hiyo. Sisi wa fasihi tunapaswa kukiri kwamba jukwaa lenye mtoto na mlipaji asiyeonekana si uwanja wa ngoma kwa maana yoyote tunayoijua.

Mchanganyiko wa tatu umo katika sheria yenyewe. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliingiza kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali ya wakazi wa Kenya, baada ya mswada wake kupendekeza asilimia 15. Katika kufafanua mapato hayo, sheria iliorodhesha pamoja ada za wanachama, mauzo ya bidhaa, udhamini wa kampuni na hata fedha za kuchangisha umma. Kwa mtoza kodi, mchango na bei vimekaa katika kapu moja. Fanani asiyeziweka katika daftari tofauti hataweza kujieleza siku atakapoulizwa.

Mchanganyiko wa mwisho unaigusa sanaa yenyewe. Tuliona katika libanga kwamba utambuzi unaodumu humpa mlipaji nafasi ndani ya kazi. Katika laivu, mlipaji anaweza kudai kichekesho cha kumtusi kabila fulani, jirani fulani au mpinzani fulani, akiwa ametuma simba. Mwimbaji wa taarabu aliutoa ubeti aliokuwa ameutunga. Mtoaji alichagua tu mahali pa kuinukia. Fanani anayetunga papo hapo kwa amri ya zawadi amempa mlipaji kalamu. Hapo swali la maadili linakuwa pia swali la utunzi: kazi hii ni ya nani?

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba usimamizi wa wanaolipa si jambo la biashara lililobandikwa juu ya sanaa. Ni sehemu ya utendaji, kama ilivyokuwa katika taarabu, pakruok na libanga. Tuzo hudai kutambuliwa, mchango hudai hesabu, bei hudai kutimizwa. Hadhara, wakati na umbali vilizitenga bila mtu kueleza. Simu imeviondoa, na fanani wa Eastlands anavirudisha kwa nambari tofauti, ratiba, msimamizi wa gumzo, risiti iliyoonyeshwa na kauli iliyosemwa mapema.

Kwa wanafunzi wenzetu wa Kiswahili, uwanja huu una kazi nyingi ambazo hazijaanza. Laivu hupotea mara zinapofungwa, na pamoja nazo hupotea majigambo, majina ya kupanga, misemo ya kushukuru na mbinu za kukataa zinazotungwa kila usiku kwa Kiswahili na Sheng. Anayekusanya data hizi asiishie kuandika maneno ya fanani. Aandike pia nani alitoa, wakati gani, kwa njia gani, na fanani alijibu vipi. Afanye hivyo kwa ridhaa ya wahusika na bila kuanika majina wala nambari zao, kwa kuwa watu hawa walitoa fedha kwa fanani, hawakujitoa wao wenyewe kwa mtafiti. Kwa walimu wetu, pendekezo ni moja: tunapofundisha mwingiliano wa fanani na hadhira, tumpe nafasi mlipaji, na tuwaulize wanafunzi wa kutoka Jericho, Kayole na Dandora wanalojua kumhusu. Huenda wengine wao ndio wanaotuzwa usiku, na asubuhi wanakaa mbele yetu darasani.